Gauni la Buluu Halidanganyi

Fundi cherehani alipomsindikiza mkewe kliniki ya baridi yabisi, alikaa pembeni akiangalia dari kama mtu asiyehusika na kesi. Mkewe, ambaye kazi yake dukani kwao ilikuwa kutia vifungo na kupinda mapindo kwa mkono, alinyoosha vidole juu ya meza. Vilikuwa vimevimba, hata sindano havishiki.

Daktari, binti mpole, alimweleza kwamba dawa ilikuwa inaelemewa na uzito wake. Mafuta ya mwilini si mzigo uliolala tu. Yanatoa homoni iitwayo leptini, ambayo huuarifu ubongo kwamba mtu ameshiba. Ikizidi, inaweza kuichochea kinga ya mwili, nayo ikazidi kushambulia viungo vya mwenyewe. Wataalamu bado wanaichunguza, lakini wengi wenye uzito mkubwa wakipungua, dawa huwafaa zaidi.

"Iniambie nimeshiba?" mama akashangaa. "Basi yangu ni bubu, mwanangu. Halafu mimi sijanenepa. Hili gauni la buluu mume wangu alinishonea tulipooana, na mpaka leo linanikaa. Gauni halidanganyi."

Fundi akakohoa.

Hata hivyo mama alikubali kujaribu. Akameza dawa kama alivyoelekezwa, akapunguza sahani, akawa anazunguka mtaa asubuhi huku majirani wakimuuliza nani anamfukuza. Mizani ya kliniki aliikataa, akisema yeye si gunia la mkaa. Vidole vikaanza kulegea kidogo kidogo, lakini hakuviamini, aliliamini gauni. Na kila alipolivaa, lilimkaa vilevile.

Jioni moja akalitupa juu ya cherehani. Akasema amechoka kuinyima roho yake bure. Kesho anaacha yote, matembezi na dawa, na daktari akamtafutie leptini yake mtu mwingine.

Hapo fundi akajua maji yamemfika shingoni. Dawa ikiachwa, vidole vile havitashika sindano tena. Akaligeuza gauni ndani nje, akalitandaza chini ya taa.

Kando ya mishono palikuwa na mistari ya matundu ya sindano, mmoja baada ya mwingine, kama matuta ya shamba. Kila mkewe alipoongezeka, fundi alifumua akaachia kitambaa. Na tangu mkewe aanze kupungua, kila fundi akilipiga pasi, alikuwa akilibana.

"Miaka yote hii, baba watoto?"

"Mke wa fundi havai gunia," akajitetea. Kisha akashusha sauti. "Halafu mimi sikukuona ukibadilika. Niliona nguo ndiyo inayokosea."

Mama alimnunia siku nzima, na hasira zikamnyima hamu ya kula, jambo lililokuwa limemshinda daktari. Dawa hakuiacha. Kliniki akapanda mizani mwenyewe, akamwamuru mumewe asiiguse.

Miaka kadhaa baadaye fundi akafariki. Alipokwisha kuzikwa, gauni la buluu likaanza kumpwaya mama. Hapakuwa na wa kulibana kwa siri. Binti yao akataka kulipeleka kwa fundi wa jirani. Mama akakataa. Akakaa kwenye kiti cha mumewe, akatunga uzi kwenye sindano kwa vidole vyake mwenyewe, akalibana taratibu. Ndani akaacha upindo mpana, kama alivyokuwa akiacha mumewe.