Kabichi ya Lascelles

Icilda hakuwahi kuipenda kabichi. Kwake ilikuwa maji yaliyokunjwakunjwa, basi. Nyuma ya nyumba yao, nje kidogo ya mji wa Old Harbour, alikuwa na matuta sita ya mchicha, na kwa miaka arobaini mumewe Lascelles aliula mchicha huo kila asubuhi pamoja na samaki wa chumvi. Akithubutu kuitaja kabichi ya mama yake, aliyekwisha kufariki, Icilda humkata kauli: "Nenda basi ukamwamshe akupikie."

Figo za Lascelles zilipoanza kuchoka, Icilda alizidisha dozi. Mchicha asubuhi, mchicha mchana, na jioni supu yake kikombeni. "Kunywa, mzee wangu. Hii ni damu tupu."

Siku moja miguu ilimlegea Lascelles bafuni na moyo ukaanza kurukaruka. Akakimbizwa hospitali. Alipopata nafuu, wote wawili waliitwa kwa mtaalamu wa lishe, binti mpole aitwaye Hyatt.

"Mama, huwa unampikia mboga gani?"

"Mchicha," alijibu Icilda kwa fahari. "Kabichi haiingii kwangu."

"Basi tuzilinganishe. Kikombe kwa kikombe, mchicha unaiacha kabichi mbali. Madini ya chuma, kalsiamu, vitamini A, kote unashinda."

Icilda akamgeukia mumewe. "Umesikia?"

"Unashinda hata kwa potasiamu," binti akaendelea taratibu, "kama mara tatu hivi. Na figo za mzee haziwezi tena kuitoa mwilini. Hiyo ndiyo iliyomvuruga moyo. Kwa sasa mpe kabichi, tena kidogo. Ichemshe, maji yake uyamwage, na chumvi usitie."

Walipofika nyumbani Icilda alikaa kwenye ngazi ya jikoni, mkoba bado uko begani.

"Kumbe nimekuwa nikikulisha sumu."

Lascelles akajikongoja, akakaa kando yake. "Umekuwa ukinilisha, Icy. Figo nimeziua mwenyewe kwa kudharau vidonge vya presha. Usiniibie kosa langu."

Kesho yake Icilda alinunua kabichi sokoni, akaifunika kwa kitambaa kama mtu aliyebeba aibu. Akaichemsha, akayamwaga maji, akaikaanga kwa kitunguu saumu na pilipili manga. Lascelles alitafuna polepole, macho amefumba.

"Imefikia ya mama yako?"

"Bado. Lakini iko njiani."

Kisha akaitazama sahani ya mkewe. Kabichi vilevile.

"Na wewe unaumwa figo?"

"Sasa nitaulaje mchicha mbele yako?"

"Juzi kliniki walikuambia damu yako iko chini. Inuka ukachume."

"Utautamani."

"Nitautamani, ndiyo. Wewe nimekutamani miaka arobaini, na bado ninapumua."

Icilda alicheka hadi akajifuta macho kwa aproni. Akatoka, akachuma fungu moja, akalipika kwa kitunguu na pilipili kali, kisha akakaa kwenye ncha ya mbali ya meza akiwa ameikinga sahani kwa mkono.

"Sogea huku," alisema Lascelles. "Yule binti hakunikataza kunusa."

Icilda akabeba sahani yake, akamsogelea hadi viwiko vyao vikagusana, wakala.