Ukurasa wa Tisini na Moja

Ofisi ya fidia ya watu walioumia kazini iko ghorofa ya tatu, na lifti ilishakufa. Wangila alipanda ngazi kwa magongo, kitabu kimefungwa kwa gazeti ndani ya koti. Zilikuwa insha za maisha ya marehemu Mabonga, aliyewatungia watu wa Eldoret tamthilia miaka ishirini. Wangila alikuwa fundi wake wa majukwaa. Ili akinunue kitabu hicho, aliuza randa yake.

Kwa miaka minne mwenye ukumbi alimoangukia alikana kwamba Wangila aliwahi kumfanyia kazi. Leo marehemu mwenyewe angemtolea ushahidi: tarehe, ukumbi, jukwaa lililoporomoka. Wangila alikuwa ameusoma ukurasa huo mpaka mkewe Nangila akamwambia aache, mboga inapoa.

"Soma hapa, madam," alimwambia karani, Cherono.

Cherono akasoma, akacheka, akaita wenzake wawili na kuwasomea kwa sauti. "'Fundi wetu, mlevi wa kupigiwa mfano, alianguka kutoka juu kama gunia la viazi. Watazamaji wakadhani ni sehemu ya mchezo. Wakapiga makofi.' Haki huyu mzee alijua kuandika!"

Wangila naye alitabasamu. Utani wa Mabonga alikuwa ameuzoea.

"Kwa hivyo ulikuwa umelewa?"

"Hapana, madam. Mimi ni mtu wa kanisa la Friends, hata pombe ya busaa sijawahi onja. Hapo alikuwa anachekesha tu."

"Sasa hiyo ingine yote ni ukweli, lakini hiyo moja ndio jokes?"

Neno hilo, mlevi, alikuwa ameliona tangu siku ya kwanza. Alilisamehe, kwa sababu kanisani hakuna ambaye angeliamini. Hakufikiria kwamba huku juu hakuna anayemjua.

Cherono alipiga ukurasa fotokopi, akaugonga muhuri, akautia kwenye faili.

"Ukilewa kazini hulipwi, mzee. Na si mimi nimesema, ni wewe umeleta."

"Muulizeni basi aliyeandika."

"Si umesema ni marehemu?" Akafunga faili. "Hiyo kitabu niachie, nimalizie."

"Hapana," Wangila alisema, akakirudisha kotini.

Alikuwa ngazi ya nne alipomsikia Cherono akimsomea mtu mwingine ile fotokopi, kuanzia mwanzo. Alisimama, akaegemea ukuta. Alijua watafika wapi. Wakafika, wakapiga makofi.