Kulungu Tisa Uani

Jumatano, saa tisa alasiri, Wilbert Niemela alivaa koti, akaenda kwenye kibaraza cha nyuma kilichozibwa kwa vioo, akafungua dirisha upana wa vidole viwili ili moshi upate pa kupitia, kisha akawasha jiko lake la kuyeyushia madini ya risasi. Nje kulikuwa na baridi ya kupasua miti. Kalibu aliiweka kwenye ukingo wa sufuria ipate moto, maana kalibu baridi hutoa risasi zenye makunyanzi, na risasi yenye makunyanzi haiendi unakoielekeza. Baba yake alimfundisha hivyo kwenye kibaraza hichohicho, na tangu siku hiyo hakuna kilichobadilika isipokuwa jiko, ambalo sasa lilikuwa la umeme.

Madini yalilegea, yakang'aa. Wilbert alitupia kipande cha nta ya nyuki, akakoroga, akaengua taka za juu kwa kijiko. Alipoinua macho, kulungu wa kwanza alikuwa amesimama kando ya banda la kuni. Wa pili alikuja nyuma yake, halafu wengine. Mpaka anamimina upawa wa kwanza kwenye kalibu, wote saba walikuwa uani, wametulia, wakitazama dirishani.

Ndivyo ilivyo kwa mtu anayeyeyusha risasi zilizokwisha kuua. Anayenunua madini mapya dukani ana uwanja mtupu, na watu wengi wa upande huu wa Ziwa Superior siku hizi hununua. Lakini familia za zamani, zilizokuja kutoka Ufini na mifuko mitupu, hazikuwahi kutupa hata punje. Mnyama akichunwa, risasi ilitafutwa ndani ya nyama, ikaoshwa, ikarudi koponi, na majira ya baridi yakifika ikayeyushwa na kusubiwa upya. Sufuria ikiwa ya moto, wanyama waliopigwa nayo husimama nje. Ikipoa, huenda zao. Hawaachi nyayo na hawali kitu. Baba yake Wilbert alikuwa nao kumi na saba, na alichokuwa akilalamikia ni kwamba walimzibia njia ya chooni.

Lempi, mke wa Wilbert, kwa miaka arobaini aliwawekea matofaa kwenye theluji, na kwa miaka arobaini sungura waliyala. Lempi alifariki miaka miwili iliyopita. Yeye hakuwahi kuja kusimama uani, kwa sababu aliuawa na figo, na figo hazimo kwenye kopo lolote.

Tangu hapo Wilbert hakuwinda tena; nyonga ilimkatalia. Lakini alisubu kuliko zamani. Alisubu risasi mia moja, akazipanga juu ya taulo, akazitazama, akazirudisha sufuriani, akaanza upya. Alikuwa mpweke, na saa mbili za kutazamwa na kulungu saba hazikuwa haba. Tatizo ni kwamba kila ukiyeyusha, madini kidogo huondoka na taka. Januari hii yule jike mzee, aliyepigwa mwaka wa harusi yao, alikuwa amechakaa kiasi kwamba Wilbert aliweza kuhesabu magogo ya kuni kupitia ubavuni mwake. Aliogopa kumpoteza. Madini yakiwa mengi sufuriani, aliwaza, taka zitachukua kidogo kwa kila mmoja. Ndipo akalikumbuka kopo la Rudy.

Rudy Kestila alikuwa jirani yake wa maili moja na rafiki yake tangu darasa la kwanza. Yeye aliacha kusubu ghafla, miaka kumi na moja iliyopita. Wiki aliyozikwa Lempi alikuja na kopo la kahawa lililojaa risasi zake za zamani, akalitua mezani kwa kishindo.

"Chukua. Mimi mikono inatetemeka siku hizi."

"Ninayo yangu, bwana."

"Chukua tu. Au unataka nikaimwage ziwani? Risasi haitupwi."

Wilbert alilipeleka chini ya ngazi, na huko likakaa. Sasa alilifungua kwa bisibisi, akalimimina lote sufuriani.

Walikuja kulungu wawili zaidi, madume, wenye pembe za kujivunia. Katikati yao alikuja Emery Denomie.

Alivaa kizibao cha wawindaji cha rangi ya chungwa, kichwa wazi, mikono mifukoni. Wazo la kwanza la Wilbert lilikuwa kwamba mtu haachwi nje kwenye baridi ile. Alifungua mlango.

"Emery! Ingia ndani, bwana, utaganda!"

Emery alimtazama kwa adabu, jinsi kulungu walivyomtazama, wala hakusogea. Wilbert alimpelekea kahawa, akaweka kikombe kwenye ngazi. Kahawa iliganda kwa dakika nne. Theluji nyepesi ilianza kudondoka, na pale Emery aliposimama ilidondoka moja kwa moja mpaka chini.

Emery alipotea mwezi wa Novemba, msimu wa kuwinda, miaka kumi na moja nyuma. Pikapu yake ilikutwa kando ya barabara ya msituni, mbwa wake ndani, vioo vimeganda kwa pumzi za mbwa. Watu walimtafuta siku mbili, Wilbert akiwemo. Siku ya tatu Rudy aliwaambia polisi kwamba alimwona Emery akipanda basi la kwenda mji wa Green Bay, begi mkononi. Emery alikuwa Mojibwe, mwenyeji wa asili wa nchi ile, kutoka ng'ambo ya ghuba, na polisi hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Waliandika kwamba ameondoka kwa hiari yake, pengine kwa sababu ya pombe. Emery hakuwa akinywa, na dada yake aliapa kwamba hangemwacha mbwa, lakini faili lilikuwa limeshafungwa.

Wilbert alikaa kitini, upawa mkononi, akaelewa. Risasi inayopita kwenye nyama husimama kwenye mti, na Rudy hakuwahi kuacha risasi kwenye mti. Wilbert mwenyewe aliwahi kumsubiri nusu saa nzima, miguu imekufa ganzi, Rudy akichimbua moja kwa kisu kutoka kwenye shina la msonobari. Mtu wa mahali pengine popote angekimbia. Rudy aliichimbua ile iliyompitia Emery, akaiosha, akaitia koponi pamoja na nyingine, na baada ya hapo hakuthubutu tena kuwasha jiko. Kama alikosea au alikusudia, risasi haikusema, wala Emery hakusema.

Kesho yake Wilbert alikwenda dukani. Kwenye kaunta alikaa Verna Denomie, dada yake Emery, kama alivyokaa kila siku, na kwenye kioo cha mlango kulikuwa na picha ya kaka yake iliyofifia kwa jua, na chini yake maneno: UMEMWONA?

"Karibu, Mzee Niemela. Jana umesubu, eti? Moshi wako ulionekana mpaka ng'ambo."

"Nimesubu kidogo."

"Wale saba hawajambo?"

"Wapo. Yule jike ndiye anaisha."

"Pole. Na sisi mbwa wa Emery katutoka juzi. Miaka kumi na minne, macho hayaoni, lakini akisikia pikapu tu, huyo, anajikokota mpaka mlangoni."

"Pole sana, Verna."

"Asante, mzee. Wengine wananiambia ni mbwa tu."

Wilbert alifungua kinywa. Maneno yalikuwepo, yamejipanga, na yangetoka kwa pumzi moja. Akafikiria ni nani angekuja kwake Jumamosi, kama si Rudy.

"Nipe na iliki," alisema.

Ijumaa alipiga simu polisi bila kutaja jina lake, akauliza inakuwaje mtu aliyepotea akionekana uani kwa mtu. Askari wa zamu aliuliza kama ameacha nyayo. Hakuacha. Basi, alisema askari, hapo hatujasema ameonekana; na kama ni habari ya kulungu, hiyo ni kazi ya watu wa wanyamapori, akamtajia namba yao taratibu ili aiandike.

Jumamosi ilikuwa siku ya Rudy. Kila Jumamosi alikuja na gari lenye jembe la kusukumia theluji, akasafisha njia, wakaoga pamoja kwenye sauna, kibanda cha mvuke cha Kifini kilichoko uani, wakanywa kahawa na mkate wa iliki ambao Wilbert alijifunza kuuoka kutoka kwenye karatasi aliyoiacha Lempi. Moyo ulipomgoma, Rudy ndiye aliyemkimbiza hospitali. Rudy ndiye pia aliyekalia kiti cha Lempi bila kuuliza, jambo ambalo Wilbert alilishukuru kuliko lile la hospitali. Wiki nzima hakuna mtu mwingine aliyekanyaga kizingiti kile.

Hata hivyo alipiga moyo konde. Saa kumi, kabla Rudy hajafika, aliwasha jiko. Hakuwa na ujasiri wa kumwuliza. Aliona heri uwanja umwulize. Rudy akishaona atasema mwenyewe, na akisema, Jumatatu Wilbert atakwenda dukani na kumpasulia Verna ukweli wote.

"Wee mzee, bado hujafa?" Rudy alisema mlangoni, akikung'uta theluji kwenye buti.

"Nakusubiri wewe utangulie."

"Utasubiri sana. Nikifa mimi, nani atakusukumia theluji?"

Akaingia kibarazani, kofia mkononi. Aliliona jiko, akaliona na kopo tupu kando yake. Akakaa kwenye kiti cha Lempi, kile kinachotazama dirisha.

"Umelifungua."

"Nimelifungua."

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya banda la kuni. Kulungu walisimama nusu duara, na Emery mbele yao, karibu kuliko siku ya Jumatano, hatua sita tu kutoka kwenye kioo, palepale kwenye njia ya sauna. Rudy alichukua kipande cha mkate, akakipaka siagi mpaka kingoni, akakila chote. Mikono yake haikutetemeka hata kidogo.

"Mkate mzuri," alisema. "Unaukaribia wa Lempi."

"Bado."

"Unaukaribia, nakwambia." Akapangusa midomo. "Macho yangu, Wilbert, ikifika jioni ni kama nimefungwa kitambaa. Hebu nihesabie wewe. Wako wangapi huko nje?"

Wilbert alitazama. Alimwona Emery vizuri, mpaka kifungo kimoja kilichokosekana kwenye kizibao. Akageuka, akayaona mataulo mawili aliyoyatundika karibu na jiko la kuni yapate joto, moja lake na moja la mgeni. Aliogopa. Aliiogopa Jumapili, akaiogopa Jumatatu na Jumanne, akaiogopa na Jumamosi nyingine isiyo na mtu.

"Tisa," alisema.

"Tisa," alisema Rudy, akanyoosha kikombe aongezewe kahawa.

Waliondoka kwenda sauna wakiliacha jiko la risasi limewaka, taulo shingoni, Rudy mbele. Alipofika pale Emery aliposimama, Rudy aliacha njia, akamzunguka kwenye theluji ya magotini, akasema "samahani" kwa sauti ya chini. Wilbert alikanyaga kwenye nyayo zake. Siku hizi njia ya sauna ina kona mahali pale, na jembe la Rudy huifuata.

Alhamisi iliyofuata Verna alikuwa akibandika picha mpya mlangoni, maana ile ya zamani ilikuwa imeloa mvuke na kuchanika. Yeye ni mfupi, kwa hiyo alimwomba Wilbert amshikie pembe ya juu.

"Jana tena umesubu," alisema, huku akikata utepe wa gundi kwa meno. "Yule jike wako vipi?"

"Anaendelea vizuri. Niliongeza madini."

"Ehe! Kwa hiyo sasa wako wangapi?"

Uso wa Emery ulikuwa chini kidogo ya kidole gumba cha Wilbert.

"Tisa."

"Afadhali," alisema Verna, na alisema kwa moyo mweupe. "Nilikuwa nakuwaza, mzee, peke yako kule."

Wilbert aliendelea kuishikilia ile pembe mpaka gundi iliposhika. Kisha akaomba siagi, na iliki ya Jumamosi.