Umbali Tangu Ilipofutwa

Taa ya injini iliwaka nikipanda kutoka daraja la Kamukuywa, siku ileile niliyolichukua gari kwa ndugu yangu. Ilikuwa taa ndogo ya rangi ya chungwa, mfano wa jicho la kuku mgonjwa. Hapohapo pikapu ikanywea. Nilikanyaga mafuta mpaka mguu ukafika mwisho, gari likazidi kutambaa kama mtu anayetoka matangani. Bodaboda iliyobeba kitanda ikanipita. Dereva wake aligeuka akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko tusi.

Kulipata gari lile nilikuwa nimeuza ng'ombe wangu wote wa maziwa. Nalima kabichi Kiminini, na kwa miaka mingi madalali wamekuja shambani wakaninunulia jasho langu kwa bei wanayoitaka wao. Nikasema basi, nitajipelekea mwenyewe sokoni. Muchiri, kaka yangu mkubwa mwenye duka la vipuri mjini Bungoma, akasema ana pikapu ya kuniuzia, safi, haijawahi kumsumbua.

Nilitaka kwenda na Ajit, fundi wangu wa Kitale, alitazame gari kwanza. Mama akakataa katakata.

"Utampeleka fundi kwa Muchiri?" aliniuliza. "Mmenyonya titi moja, leo unataka mtu wa kando akuhakikishie ndugu yako?"

Ajit nikamwacha. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Ng'ombe wa jirani unamfungua mdomo ukatazama meno. Ng'ombe wa ndugu unapokea kamba na kushukuru. Nilipokea funguo, nikashukuru.

Sikwenda nyumbani. Nilijikokota hadi gereji ya Ajit. Alichomeka kimashine chake chini ya usukani, akakitazama kimya, huku akizichana ndevu zake kwa vidole. Nilimjua Ajit tangu tukiwa vijana. Akinyamaza, jua mambo yameharibika.

"Nani amekuuzia hii?"

"Ndugu yangu."

"Ndugu wa tumbo moja?"

"Sema tu, Ajit."

"Silinda moja imekwisha, bana. Haina nguvu ya kusukuma kitu. Na si ugonjwa wa leo." Akanigeuzia kioo cha kimashine. "Halafu kuna hii. Kompyuta ya injini ilifutwa. Ukiifuta inasahau makosa yote, taa inazima. Lakini inaweka umbali ambao gari imetembea tangu ifutwe. Huo huwezi kuuficha. Hii imetoka Bungoma mpaka hapa, na kamzunguko kadogo."

Kamzunguko kadogo. Nilikakumbuka. Asubuhi ile nilimkuta Muchiri akifunga boneti, akajifuta mikono kwa kitambaa na kusema alikuwa anaangalia maji. Kisha akanizungusha soko zima, dirisha wazi, akiwapungia watu. Gari lilikwenda kama maji ya mtelemko.

"Si uifute tena?" nilimwambia Ajit. Nashangaa hata leo kwamba hilo ndilo lililonitoka kwanza. "Watu wanasema inaongeza nguvu."

"Watu wanasema. Hata chang'aa inaongeza nguvu." Hakucheka. "Kufuta ni rahisi, unachomoa betri tu, hata wewe unaweza. Itatoka hapa kama swala. Lakini sikiliza. Kompyuta ikijua injini ni mgonjwa, inaibana ili isijiue. Ukiifuta inasahau kuibana. Haijapona, Gathii. Inakimbia na kidonda."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama gari ni zuri. Akamshukuru Mungu kwa kumpa wana wanaopendana. Nilikula chakula chake chote.

Kesho yake niliteremka Bungoma. Njia yenyewe ni ya kushuka, gari likajipeleka. Nilikuwa na neno moja tu nililolitaka kwa Muchiri. Ng'ombe walikwishakwenda, hao sikuwadai. Nilitaka aseme alijua. Mtu akikwambia alikuibia, bado una ndugu, ndugu mwizi. Asiposema, huna kitu.

Alikuwa mbele ya duka, tumbo nje, akinywa chai.

"Gathii! Kabichi zimekuchosha mapema hivi?"

"Uliifuta kompyuta."

"Nini?"

"Ya gari. Uliifuta kabla sijafika."

Akacheka, akawageukia wateja wawili waliokuwa pale ili nao wacheke. "Ati kompyuta! Uliacha shule darasa la sita, leo unakuja kunifunza kompyuta? Ni yule fundi wako kalasinga amekujaza maneno, si ndiyo? Anataka kazi huyo."

Niliacha darasa la sita ili karo imtoshe yeye. Analijua hilo. Nyumba nzima inalijua, na hakuna anayelisema, kwa sababu lilikwishasemwa na kusamehewa mbele ya mchungaji, tukashikana mikono, tukapigiwa makofi. Familia yetu ina ustadi wa kusamehe. Tumesameheana shamba, tumesameheana mazishi ya baba, na kila tukisameheana tunatoka pale tumeng'aa, hadi mlima unaofuata.

"Sema tu ulijua," nikamwambia. "Nitaondoka."

Uso wake ulibadilika kidogo, kisha ukarudi. Akaweka kikombe chini, akachukua spana.

"Fungua boneti. Mimi sipendi maneno na mtu wa nyumbani."

Alifungua betri mwenyewe, tena kwa mkono uliozoea. Akaniagizia chai wakati tukingoja, nami nikainywa, maana kukataa chai ya kaka yako mbele ya watu ni kutangaza vita. Alipoirudisha betri, tukaingia garini, akaketi kando yangu.

"Endesha. Twende hadi Webuye. Tukirudi utaniomba msamaha hapa, mbele ya hawa."

Gari likaruka. Taa ilikuwa imezima, injini ikiimba. Miwa ikatupita pande zote, malori tukayaacha. Muchiri akawa anapiga dashibodi kwa kiganja.

"Unaona? Unaona, mkulima? Nani anakudanganya?"

Ulikuwa utamu mtupu, wala sitadanganya. Kwa muda ule nilikuwa na gari, na nilikuwa na ndugu. Nilitaka kuamini. Nilijiona nikiomba msamaha mbele ya duka, wateja wakicheka, Muchiri akinishika bega, na mambo yakaisha. Kuamini kungekuwa rahisi kama kuchomoa betri.

Tukafika Webuye.

"Geuza hapa," akasema.

Sikugeuza. Nilishika njia ya Kitale.

"Unaenda wapi?"

"Nalijaribu gari. Si ni zima?"

Alicheka, lakini kiganja kilikuwa kimetoka kwenye dashibodi. Tulipopita Misikhu, barabara ilianza kutudai nguvu. Sikubadili gia, sikupunguza. Niliona macho yake yameganda kwenye mshale wa joto, ambao mimi nilikuwa bado sijautazama. Mshale ulikuwa unapanda. Harufu ya oili ikaingia ndani, nzito na tamu, kama nyama iliyosahauliwa jikoni.

"Punguza, Gathii."

"Kwa nini?"

"Punguza, nakwambia. Utaiua!"

"Nitaiuaje? Haina ugonjwa."

Taa ikawaka. Gari likaanza kutetemeka, nami nikakanyaga zaidi. Nilijua vizuri ninachokifanya. Chini ya mguu ule walikuwako ng'ombe wangu, na kabichi za msimu ujao, na madalali wakirudi shambani kwa kicheko.

"Simama!" Muchiri alinishika mkono. "Simama, wewe, hiyo silinda haitaweza..."

Akauachia mkono wangu.

Mimi sikuwa nimemtajia silinda. Nilikuwa nimemtajia kompyuta tu.

 Kisha kukawa na mgongano ndani ya injini, kama mtu aliyetupa sufuria kisimani, na gari likafa. Nilikata usukani, likajivuta hadi kando ya barabara. Moshi mweupe ukatoka mbele, ukaenda ukalala juu ya mahindi ya watu.

Tulishuka. Muchiri alisimama ameipa pikapu mgongo. Niliona kwa mara ya kwanza kwamba shingo yake imekuwa ya mzee.

"Umeiua," akasema.

"Ndiyo."

"Gari yako mwenyewe."

"Ndiyo."

Nilingoja. Alifungua mdomo, akaufunga, akatoa kitambaa akajipangusa jasho usoni. Nilimpa nafasi ya kutosha kusema neno lile moja. Pengine nalo lilikuwa limemkaba. Pengine alikuwa akitafuta jingine lenye kufanana nalo.

Bodaboda ikaja ikiteremka upande wa Webuye. Akaisimamisha, akaketi nyuma ya dereva. Sikutarajia atazame nyuma, wala hakutazama. Ila alijisogeza mbele, akajibana mgongoni mwa yule dereva, na nyuma yake kiti kikabaki na upana wa mtu mmoja.

"Panda," akasema, macho yake barabarani.

Dereva alinitazama, akamtazama yeye, akaungurumisha injini kidogo.

"Mzee, tunaenda ama?"

Kiganja changu kilikuwa juu ya boneti. Chuma kilikuwa bado kinaunguza, nami sikukiondoa.