Alizeti za Maranda

Fundi alikuwa na sheria moja tu katika karakana yake, rahisi hata kwa mtu mgumu wa kuelewa: randa ni lake, brashi ni ya mkewe, na asithubutu mtu kumshikia mwenzake chombo. Kwa miaka thelathini na moja sheria hiyo haikuvunjwa. Yeye alilowesha ubao laini, akaubana mezani, akaupitishia randa mpaka maranda yakatoka mepesi, yamejikunja yenyewe. Mkewe aliyaokota yakiwa bado na unyevu, akayakata kwa mkasi, akayafinya kwa vidole, akayabandika kwa gundi, akayapaka rangi. Hivyo ndivyo maua yalivyozaliwa katika nyumba ile. Majirani walikwisha kusahau jina lake, wakamwita Mama Alizeti, naye akaitika.

Lakini zamani hakuwa Mama Alizeti. Zamani alitengeneza mawaridi, na mawaridi yake hayakuwa mchezo. Waridi la maranda linataka utepe mmoja mrefu usiokatika, unaviringishwa kuanzia katikati mpaka nje. Miaka miwili iliyopita mkono wa kulia wa mumewe ulianza kutetemeka. Si sana, lakini randa halitaki hata kidogo, na tepe zikaanza kutoka vipande vipande. Mama Alizeti alikuwa akiviokota sakafuni, anavipima kwa vidole, ananyamaza. Siku moja alitangaza tu, huku akipuliza chai yake, kwamba mawaridi yamemchosha, kuanzia leo ni alizeti. Petali ya alizeti haizidi urefu wa kidole. Utepe ukichanika mara nne, basi una petali nne, nani analalamika? Fundi alikuna kichwa, akanung'unika kwamba wanawake hawatabiriki, akarudi kwenye randa lake. Mambo yakaishia hapo.

Hiyo ilikuwa siri ya kwanza. Ya pili ilikuwa ya macho yake mwenyewe.

Ilianza kama ukungu wa jikoni. Alifuta miwani, ukungu ukabaki. Akanunua miwani mingine, ukungu ukahamia nayo. Mwisho wake nyeupe na njano zikawa rangi moja, rangi ya chai ya maziwa, na hudhurungi ikawa giza tu. Mama Alizeti hakuwa mtu wa kushindwa na ukungu. Aliyapanga makopo yake: la njano mkono wa kulia, la hudhurungi kushoto, la rangi nyeupe ya kuanzia nyuma kabisa. Mkono ukajua njia. Akawa anapaka kwa mazoea, kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba yake.

Mbona hakusema? Sababu ilikuwa na jina la utani, nayo ilipiga simu kila Jumapili. Binti yao wa pekee walimwita Meneja tangu akiwa na miaka sita, kwa jinsi alivyokuwa akiwapangia wazazi wake saa ya kulala. Mtoto mwenye mapenzi, asikudanganye mtu, lakini mapenzi yake yalikuwa na ratiba. Alikwisha kuwaandalia chumba nyumbani kwake, kina godoro jipya na mapazia mawili mawili. Na alikwisha kusema, tena kwa upole, ndiyo maana ilitisha, kwamba siku mmoja wao atakaposhindwa kazi, karakana inafungwa, wanahamia kwake wote wawili, na hatauliza mara mbili. Chumba kizuri, sikatai. Lakini mtu akae humo afanye nini, ahesabu mapazia? Mama Alizeti alijijua. Bila harufu ya mbao mbichi na sauti ya randa la mumewe asubuhi, angekauka kama brashi iliyosahaulika juani. Basi akameza siri zake mbili, akaendelea kupaka.

Mwezi ule mwenye duka la zawadi, waliyemwita Bi Haraka kwa sababu hajawahi kumaliza kikombe cha chai katika nyumba ya mtu, aliagiza alizeti sitini. Anapamba ukumbi, alisema, na tayari alikuwa mlangoni akitoka. Mama Alizeti alifunga mkanda. Kisahani cha mbao katikati, kimepakwa gundi na kunyunyiziwa unga wa msumeno ili kiwe na mbegu mbegu. Petali za duru ya kwanza, kumi na nne. Petali za duru ya pili, zikae kwenye nafasi za zile za kwanza. Zikikauka, rangi. Na rangi yake alikuwa nayo namna moja tu toka ujana: brashi inaanzia shinani, inavutwa mpaka nchani, inainuliwa. Ncha inabaki nyepesi. Hakuna tone linalobaki popote.

Siku ya kuzifunga kwenye magazeti ndipo alipogundua. Alishika ua moja, kidole gumba kikapita kwenye petali, kikagonga kitu. Shinani palikuwa na tone la rangi lililokauka, gumu kama punje ya mchele. Akapapasa petali ya pili. Tone. Ya tatu, tone, na ncha imejaa rangi mpaka imekuwa nene. Akachukua ua lingine, na lingine. Kumi na tisa yalikuwa na matone. Huyu aliyepaka alianzia nchani akashuka shinani, kinyumenyume, kama anayepaka mlango.

Kwa hiyo kuna mtu. Kuna mtu anakaa kwenye kigoda chake, anashika brashi yake. Akawaza labda Bi Haraka amemlalamikia Fundi kichinichini, na Fundi ameleta kibarua, binti mmoja mwenye macho yake mawili. Akamvisha binti huyo sura, akamvisha na kicheko, na kufikia saa sita mchana alikwisha kumchukia kabisa. Wivu hauulizi umri, na wa miaka sitini na miwili unauma vilevile.

Jumatano, kama kila wiki, alikuwa na kikao cha kikundi cha akina mama. Alijitanda khanga yake, akaaga kwa sauti, akafika kwenye kona, akasimama pale kama mjinga akizungumza na muuza mkaa juu ya mvua. Kisha akarudi kwa nyuma ya nyumba, viatu mkononi.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Hakuona vizuri, aliona tu kitu kikubwa kimekunjamana juu ya kigoda chake kidogo, na mbele yake wingu la rangi ya chai. Lakini masikio yalikuwa mazima. Alisikia sauti anayoijua kuliko yake mwenyewe ikibembeleza ua: "Tulia basi, mama. Tulia, usinidondokee."

Hapakuwa na binti. Alikuwa Fundi, amevaa aproni ya mkewe isiyomtosha.

Aibu ya kumdhania vibaya ilimjia, lakini hasira ilikuwa imekwisha kupanda ngazi, haikuweza kushuka kwa mara moja. "Nani amekuruhusu kushika brashi yangu?"

Kopo lilianguka. Fundi hakujitetea, wala hakuinuka. Alikaa palepale, goti limelowa rangi.

"Zilikuwa nyeupe, mke wangu," alisema.

"Nini?"

"Alizeti. Dazeni nzima. Nyeupe kama chokaa."

Akamweleza. Kosa la mwanzo lilikuwa lake. Miezi mitatu nyuma alifuta meza ya mkewe ili amfurahishe, akarudisha makopo ovyo, la nyeupe likakaa mkono wa kulia. Mkewe akapaka maua kumi na mawili, akiimba, kisha akayanyanyua na kumwuliza yamekaaje. Fundi aliyatazama, akamtazama na yeye, akaelewa mambo yote kwa pamoja. Akamjibu kwamba yamewaka. Toka siku ile, kila Jumatano, alikuwa akifuatilia nyuma yake. Makopo aliyarudisha mahali pake, lakini hata hivyo kuna petali zilizorukwa, kuna maua yaliyopakwa upande mmoja. Yeye hajui kupaka, analijua hilo. Alijaribu tu.

Mama Alizeti alijikuta ameketi juu ya lundo la maranda, analia. Si kwa ajili ya macho. Alilia kwa kufikiria vile vidole vinene vinavyotetemeka, vinahangaika na petali moja moja, Jumatano baada ya Jumatano, bila kusema neno.

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniambia?"

Hapo Mama Alizeti akajifuta machozi kwa khanga. Akasema tu kinachomwogopesha. Mama yake mzazi alikwenda kutibiwa jicho akarudi hata kivuli hakioni, na yeye alikuwa mtoto aliyemshika mkono kumwongoza njiani. Fundi alisikiliza. Akajifuta mikono kwenye aproni, polepole, akasema siku zile zilikuwa siku zile, na kwamba anampigia Meneja simu sasa hivi ampeleke hospitali.

"Ukimpigia, karakana ndiyo basi," alisema mkewe. "Unamjua mtoto wako."

"Karakana ni mbao tu," alisema Fundi. "Mbao zipo kila mahali."

Na akampigia. Mtu ambaye hakuwahi kukaa siku mbili bila kushika randa, alipiga simu ile bila hata kutafuta miwani yake, kwa kuwa namba ya binti yake aliijua kwa moyo.

Meneja alifika kesho yake na mabegi mawili matupu ya kuhamishia vitu. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akamkaripia kwa muda mrefu zaidi, kisha akapanga kila kitu, kuanzia foleni hadi soksi. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba wataanza na la kulia. Siku ya kupasuliwa Fundi aliketi kwenye benchi la nje, mikono mfukoni. Tangu binti yake afike, mikono yake ilikuwa inaishi mfukoni.

Asubuhi iliyofuata walimfungua bendeji. Kitu cha kwanza kilichomfikia Mama Alizeti kilikuwa weupe wa shuka. Alikuwa amesahau kwamba nyeupe ni nyeupe hivyo. Cha pili kilikuwa mumewe, ambaye amezeeka bila kumtaarifu, mvi hadi kidevuni, na kwenye nyusi ya kushoto ana rangi ya njano iliyokauka.

"Umekaa na hiyo rangi usoni tangu Jumatano?" alimwuliza.

Fundi akajigusa usoni. Hakuna aliyemwambia. Mkewe alicheka mpaka nesi akaja kumwonya kwamba jicho halijapona.

Waliporudi nyumbani alikataa kulala. Alikwenda moja kwa moja karakana na kuangalia yale maua kumi na tisa. Jamani, yalikuwa mabaya. Njano imemwagikia kwenye mbegu, matone yananing'inia, mengine yanafanana na yai lililokosewa kukaangwa. Na hakuna petali hata moja iliyorukwa. Aliyageuza moja moja, mbele na nyuma, na nyuma pia yalikuwa yamepakwa, mahali ambapo hakuna mnunuzi anayeangalia. Akayaweka juu rafuni, akasema Bi Haraka atapata arobaini na moja na atangoja mengine, hayo hayauzwi.

Fundi furaha ilimpotosha. Akajisahau, akatoa mikono mfukoni, akabana ubao, akashika randa. Meneja alikuwa amesimama mlangoni na begi la mama yake begani. Randa likasonga, likaruka, likakwama. Utepe ukatoka ukakatika, ukatoka ukakatika. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka hadi kwenye kiwiko.

Meneja alimtazama baba yake kwa macho yaliyoanza kulowa, kisha akamgeukia mama yake. "Mama, sasa unaona vizuri. Hebu mwangalie baba mkono."

Mama Alizeti aliangalia. Kwa miaka miwili alikuwa ameujua mkono ule kwa kupapasa vipande vya maranda tu, na sasa jicho jipya lilimwonyesha kila kitu: mshipa, kovu la patasi, vidole vinavyocheza vyenyewe. Aliona zaidi kuliko alivyotaka kuona. Akainama, akaokota kipande cha utepe sakafuni, akakipima kwa kidole chake.

"Sioni kitu, mwanangu," alisema. "Daktari amesema jicho lipewe muda."

Fundi hakugeuka. Aliuliza akiwa ameinamia ubao. "Umejua tangu lini?"

"Tangu mawaridi," alisema mkewe.

Fundi aliyatazama maua yote ya njano yaliyojaa rafuni, ya miaka miwili, yote ya petali fupi. Kisha akalishika randa kwa mikono yote miwili, akaendelea. Utepe ulikatika, mkewe akauokota. Ukakatika tena, akauokota tena.

Meneja akalishusha begi begani, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akavuta kopo tupu akalikalia. Alichukua mkasi, akauliza petali inakatwa urefu gani.

"Kidole," alisema mama yake. "Kidole chako kinatosha."