Masizi ya Shemeji

Gari la wagonjwa liliingia gereji asubuhi likivutwa kwa kamba, na Mama Spana akalifungua kabla chai yake haijapoa. Alipoinua kifuniko cha injini yenyewe, kile kinachoziba silinda, uvundo ulimpiga usoni kama wa nyama iliyosahaulika juani. Vichwa vya pistoni vilikuwa vimefunikwa masizi mazito, yaliyogandamana kama ukoko chini ya sufuria. Akayagusa kwa kidole. Yakavutika kama makamasi.

"Lilizimikia wapi?" akamuuliza dereva.

"Kwenye mwinuko wa kiwanda cha matofali. Nilikuwa nimempakia mama mjamzito, uchungu umeshakolea. Likakohoa, likatoa moshi, likalala." Dereva aliviangalia viatu vyake. "Akajifungulia humo humo nyuma. Mtoto hakulia."

"Na mama?"

"Mama yupo. Kila akizinduka anamuulizia mtoto."

Mama Spana alijifuta kidole. Aliijua oili iliyoacha masizi yale. Ilitoka duka la mbele, la shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Gereji ilikuwa ya shemeji, na chumba walicholala Mama Spana na mumewe kilikuwa cha shemeji pia. Nyuma ya duka, shemeji alikusanya oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari ya watu, akaichemsha ndani ya pipa, akaichuja kwa soksi kuukuu, kisha akaijaza kwenye galoni mpya zenye stika za kung'aa. Hospitali ndiyo iliyokuwa mteja wake mkubwa.

Mama Spana alimimina dawa ya kuoshea injini juu ya pistoni, akaacha masizi yalowe. Kisha akabandua pande moja, akalifunga kwenye tambara na kwenda nalo dukani.

"Shemeji, hebu tazama. Hii ndiyo oili yako."

Shemeji alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Hakulitazama tambara.

"Oili yangu haina neno, shemeji," alisema, na moshi mweusi ukamtoka mdomoni.

Haukuwa moshi mwingi. Mteja aliyekuwa akichagua plagi alipunga mkono mbele ya pua, akaendelea kuchagua.

Tangu siku hiyo shemeji akawa anafuka moshi kila anapoisifu bidhaa yake, na kwa kuwa aliisifu kutwa nzima, dari ya duka ikawa nyeusi. Meno yakafuata. Ulimi nao ukaota gome. Mate yake yakawa mazito, akawa anayatema kwenye kopo chini ya kaunta, na kopo hilo lilinuka hata nzi wakalisusa. Mkewe alivumilia mpaka foronya zilipoanza kunata shavuni, akahamia chumba cha watoto. Mezani walimpa sahani yake peke yake, maana chakula alichokitafuna kilimponyoka mdomoni kikiwa cheusi na kinateleza, na watoto walikuwa wakitapika. Mwishoni sauti yake ikaanza kugonga kama injini iliyochoka, na siku maji yalipokataa kupita kooni, mkewe alimpeleka hospitali.

Daktari alimwambia apanue mdomo, akamulika, akaizima tochi haraka.

"Huyu si wangu," alisema huku akifungua dirisha. "Huyu ni wa kufunguliwa. Mpelekeni gereji."

Mama Spana alimlaza kwenye benchi ya kazi, akamtandikia gazeti kifuani. Kabla ya kushika brashi aliinama karibu na sikio lake.

"Nitakusafisha, shemeji. Lakini lile pipa limwagwe. Umenisikia?"

Shemeji alitikisa kichwa, machozi yakimtiririka. Mkewe alikuwa shahidi.

Basi akaanza. Alimpaka dawa, akangoja povu liinuke, akamwinamisha juu ya karai. Kilichotoka kwanza kilikuwa uji mweusi wenye mabonge. Kisha yakaja magamba, akawa anayakwangua kwenye kaakaa na nyuma ya meno, yakidondoka karaini kwa mlio wa kigae. Ndani ya magamba mlimetameta chembe za chuma. Kooni alikuta utando mrefu, laini, wenye joto, akauvuta kwa koleo, nao ukaendelea kuja na kuja, mpaka mke wa shemeji akatoka nje akajishikilia ukuta. Mama Spana alipumua kwa mdomo na kumaliza kazi yake.

Shemeji aliketi, akameza mate, akatabasamu. Meno yalikuwa meupe kama ya tangazo.

"Najisikia mwepesi," alisema. Sauti ilikuwa imetulia. "Sasa nikafungue duka. Oili imenisubiri."

"Na pipa?"

"Pipa lina nini?"

"Ulikubali, shemeji."

"Nilikubali kwa kichwa. Kichwa kina ulimi?"

Jioni Mama Spana alimsimulia mumewe, akasema atakwenda hospitali kuwaambia wanachonunua. Mumewe aliweka kijiko chini.

"Tutalala wapi? Usitukane wakunga na uzazi ungali..." Akamkumbuka yule mama wa mwinukoni, akaiacha methali njiani. Hakuna aliyemaliza chakula.

Shemeji akawa mteja wa kudumu. Kila moshi ulipozidi alikuja kupanga foleni na magari, akisalimia watu, na akitoka kwenye benchi aliwaonyesha meno. Watu walipenda. Walisema mwenye kujitunza namna ile hawezi kuuza kitu kibovu, na duka likajaa kuliko zamani.

Dereva alipokuja kuchukua gari la wagonjwa, pistoni ziling'aa kiasi cha kujiona sura. Mkononi alibeba galoni aliyopewa na stoo ya hospitali. Stika yake iling'aa.

"Usiitie hiyo," Mama Spana alisema.

"Ndiyo niliyopewa, mama. Nikiikataa, gari atapewa mwingine." Akaimimina. "Na wala si mbaya sana," aliongeza, na uzi mwembamba wa moshi ukamponyoka puani. Mama Spana alimpa tambara ajifute.

Dereva aliwasha injini, akaisikiliza.

"Ule mwinuko litaupanda?"

Shemeji alikuwa amesimama mlangoni pa duka, anachokonoa meno. Chumbani, mumewe Mama Spana alikuwa akianika mashuka yao dirishani.

"Litaupanda," Mama Spana alisema.

Ulimi wake ukawa mzito. Akatema pembeni, lakini mate meusi hayakukatika. Yalining'inia kutoka mdomoni hadi kwenye kola ya ovaroli, yakinata. Dereva alimgeuzia mgongo kwa heshima, akaondoka zake.

Mama Spana alimimina dawa kwenye kikombe, akasukutua, akatema, akafungua boneti ya gari lililofuata.