Upande wa Elizabeth

Tangu tuambiwe tukae mbalimbali kwa ajili ya corona, mama mkwe wangu, Atupele, alikuwa akila nusu sahani tu.

Zamani hakula peke yake. Kila jioni jirani yetu Elizabeth, mjane kama yeye, alipita katikati ya migomba akaja wale pamoja mbalaga, ndizi zetu zilizopikwa na maharage. Sahani ilikuwa moja. Kisha mchungaji akasema kila mtu ale na chombo chake, na wazee wasitembeleane. Hapa Ipyana tulitii, kwa sababu tuliogopa.

Nilidhani hamu ya chakula imemwisha, nikampunguzia. Akaacha nusu tena. Nikapunguza zaidi, na gauni lake la kanisani likaanza kumpwaya. Nilimwomba Mungu anionyeshe anaumwa nini.

Jioni moja, nilipokuwa naondoa sahani, niliitazama vizuri. Ndizi zilizobaki zilikuwa upande mmoja, hazijaguswa, na mpaka wake umenyooka kama ukingo wa jaruba la mpunga.

"Mama, upande huu ni wa nani?"

"Wa Elizabeth. Mkono wangu hauvuki, hata nikiuambia."

"Lakini siku hizi haji."

"Najua haji, Kisa. Mimi si mtoto."

Kesho yake nilipika ndizi nyingi. Nikapakua sahani mbili kabla mtu hajagusa, nikafunika moja na kuipeleka kwa Elizabeth. Niliiweka kizingitini, nikarudi nyuma. Akatoka, akafunua.

"Ndaga, mwanangu, asante. Mwambie huyo mlafi leo simnyang'anyi maharage."

Nilimfikishia mama maneno yote.

"Mlafi ni yeye," akasema, akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko chake. Kisha akauliza taratibu, "Ameanza kula?"

"Ameanza."

Aliombea chakula, akamtaja Elizabeth kwa jina, akala. Alipofika katikati mkono ukasita. Halafu ukavuka, akaendelea kidogo kidogo mpaka ndizi zikaisha. Moyoni nilimshukuru Mungu.

"Umeshiba, Mama?"

"Nimeshiba." Alikuwa anatazama kule kwenye migomba. "Ila sijala na mtu."

Nilinyoosha mkono nipokee sahani. Hakuiachia.